Mtoto ana pumu? Itazame pia barabara iliyo mlangoni

Mzazi akimpeleka mtoto mwenye pumu kliniki, huulizwa mengi. Nyumbani kuna anayevuta sigara? Mnapikia mkaa? Swali linalosahaulika ni hili: kutoka dirisha la chumba anacholala hadi barabara kuu ni hatua ngapi?

London walijifunza uzito wa swali hilo kwa uchungu. Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9, aliishi jirani na barabara ya South Circular, yenye magari mengi. Alilazwa mara nyingi kwa pumu kali kabla ya kufariki Februari 2013. Desemba 2020, ofisa anayechunguza vifo alitamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, na kwamba mama yake hakupewa taarifa ambazo zingemwezesha kuchukua hatua. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike leo.

Moshi wa magari, hasa ya dizeli, una gesi ya naitrojeni dioksaidi na chembechembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mtoto huumia kuliko wewe. Anapumua haraka zaidi, njia zake za hewa ni nyembamba, na akisimama kituoni pua yake inakaribia usawa wa bomba la moshi.

Mji ulivyojengwa ndio unaoamua moshi huo uende wapi. Mtaa mwembamba wenye maghorofa pande zote mbili, kama ilivyo sehemu za Kariakoo, hunasa moshi chini, ukazunguka humohumo. Gari linalosimama na kuondoka kila hatua chache kwenye foleni hutoa moshi mwingi kwa kilomita moja kuliko linalokwenda mwendo sawa. Hata matuta huchangia, maana dereva hufunga breki kisha hukanyaga mafuta, na mara nyingi ni mbele ya lango la shule. (Siombi yang'olewe. Gari la kasi huua papo hapo.)

Mwaka 2019 London ilianza kutoza ada magari yanayochafua hewa katikati ya jiji, na Agosti 2023 ikaeneza utaratibu huo jiji zima. Dar es Salaam ilianza mabasi ya mwendokasi Mei 2016. Basi moja refu hubeba watu zaidi ya 100, kazi ya daladala kadhaa. Lakini abiria akisubiri hadi akakata tamaa na kupanda bodaboda, faida hiyo inapotea.

Hayo ni ya wapanga miji. Wewe mzazi, mpeleke mtoto shule kwa kupitia mtaa wa nyuma, hata kama ni mrefu kidogo, kwa sababu moshi hupungua sana kadiri unavyoiacha barabara. Kituoni, msimame mbali na ukingo. Saa za foleni, funga madirisha ya upande wa barabara, ufungue ya upande wa pili. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi, usiitegemee. Dawa ya kuzuia pumu avute kila siku kama alivyoelekezwa, hata kama hakohoi.

Na siku ya kliniki usisubiri kuulizwa. Mwambie daktari mnaishi umbali gani na barabara, na kifua humbana saa ngapi.