Wageni Wenye Mvi: Wazungu Wanaozeekea Thailand

Mzee mmoja wa kigango chetu alifika katika ofisi ya parokia kuandikisha ubatizo wa mjukuu wake. Alipokuwa amekaa akingoja, alisimulia habari aliyoisikia redioni, ya kwamba Wazungu wengi wakistaafu kazi huhama makwao na kwenda kuzeekea katika nchi ya Thailand, huko Asia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Karani, watu hao hawana watoto?”

Siku ile sikuwa na jibu. Tangu hapo nimezitafuta habari za watu hao, nami nawaletea ninyi, mababa na mama wa jamaa zetu, maana swali la mzee yule latuhusu na sisi.

Nchi yenyewe na wageni wake

Thailand, iliyoitwa zamani Siam, iko kusini-mashariki ya Asia, nayo yapakana na Myanmar, Laos, Kambodia na Malaysia. Watu wake ni zaidi ya milioni 60. Ni wakulima hodari wa mpunga, na hawakutawaliwa na taifa lolote la Ulaya. Walio wengi sana hufuata dini ya Buda. Wakatoliki hawafiki hata mmoja katika kila watu mia, ijapokuwa wamisionari wa kwanza, Wadominiko wawili, walifika huko mwaka 1567. Baba Mtakatifu Fransisko aliwatembelea mwezi wa Novemba 2019.

Wazungu wanaokaa huko hutoka Uingereza, Ujerumani, Uswisi, Marekani, Australia na kwingineko. Wenyeji huwaita “farang”, na neno hilohilo ndilo jina la mapera katika lugha yao. Basi mzaha juu ya Mzungu na pera hauishi. Wengine hukaa mjini Bangkok kwa kazi za ualimu au biashara. Wazee waliostaafu hupenda Hua Hin na Pattaya kando ya bahari, au Chiang Mai kaskazini. Tena wako wengi vijijini katika mkoa wa Isaan, kaskazini-mashariki, kwa wakwe zao.

Asili ya jambo hili ni ya zamani kidogo. Wakati wa vita vya Vietnam, katika miaka ya 1960 na 1970, Wamarekani walikuwa na viwanja vya ndege za vita katika Udon Thani, Ubon, Korat na penginepo. Askari walikuja, wengine wakaoa huko, na wengine wakarudi baada ya vita. Pattaya, kilichokuwa kijiji cha wavuvi, kikawa mji wa starehe. Hatuna haja ya kuficha kwamba nyingi za starehe hizo zilikuwa za aibu, na bado ziko, ijapokuwa sheria ya nchi hiyo yakataza umalaya tangu mwaka 1960. Lakini tukisema Wazungu wote wa Thailand wako hivyo, tutakuwa tumewasingizia wengi waliokwenda kutafuta jua, chakula cha bei nafuu, na mtu wa kuwasalimu asubuhi.

Kibali cha kila mwaka

Sisi tumezoea kumwona Mzungu kama mtu asiyeulizwa. Huko Thailand yeye ndiye aulizwaye. Mstaafu atakaye kukaa lazima awe ametimiza miaka 50. Lazima aonyeshe baht 800,000 katika benki ya huko, yaani zaidi ya dola 20,000 za Marekani, au pato la baht 65,000 kila mwezi. Aliyeoa Mthai huombwa nusu ya akiba hiyo. Kibali chenyewe ni cha mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha, huanza upya na nakala zake, picha zake na barua yake ya benki. Tena kila siku 90 hana budi kuiarifu ofisi ya uhamiaji mahali anapokaa. Na mwenye nyumba akimpokea mgeni, sheria yamtaka aitoe habari katika saa 24.

Basi utamkuta mzee wa miaka 75, aliyekuwa pengine mkuu wa shule au fundi mkubwa kwao, ameketi juu ya kiti cha plastiki na namba ya foleni mkononi, akiomba kimoyomoyo karatasi isikosewe. Mwishoni mwa 2018 balozi za Uingereza, Marekani na Australia ziliacha kutoa barua za kuthibitisha pato la raia wao, na wazee wengi wakahangaika, kwa kuwa barua hizo ndizo walizozitegemea.

Na ardhi je? Sheria haimruhusu mgeni kumiliki ardhi. Aweza kununua chumba katika jengo la ghorofa, mradi wageni wasizidi asilimia 49 ya jengo hilo, au aweza kukodi kiwanja kwa miaka 30. Mwenye mke hujenga katika kiwanja cha mkewe, naye hutia sahihi kwamba fedha iliyonunua kiwanja ni ya mke. Ndoa ikivunjika, mzee huondoka na sanduku la nguo. Wengi wamelia kwa jambo hili. Lakini wenyeji nao wasema kwamba nchi ikiuzwa kwa wenye fedha, mkulima wa mpunga atabaki wapi? Sidhani kwamba msomaji wa kijijini atawalaumu kwa neno hilo.

Mahari na wakwe

Sasa nafika penye kiini cha habari hii. Huko Thailand mwanamume hutoa mahari, iitwayo “sin sod”. Siku ya arusi fedha na dhahabu hutandazwa mbele ya wazee, watu wazione. Wazazi wengine huwarudishia maarusi sehemu yake au yote, waanzie maisha. Wazungu hugawanyika sana juu ya desturi hii. Mmoja husema ni kununua mtu. Mwingine husema ni heshima kwa mama aliyelea. Mabishano hayo twayajua hata sisi, tena bila kupanda ndege.

Lakini mahari hulipwa mara moja. Jambo liwashindalo wengi ni lile la kila mwezi. Mthai hufundishwa tangu utoto kwamba ana deni kwa wazazi wake kwa kumzaa na kumlea, na deni hilo halimalizwi. Binti aliyekwenda mjini hupeleka fedha nyumbani. Binti aliyeolewa na Mzungu hutazamiwa kupeleka zaidi. Baba akiugua, hospitali hulipwa. Mdogo wake akienda shule, karo hutoka kwa dada. Ndipo mume hukasirika: “Nilimwoa yeye, sikuoa kijiji kizima.” Hayo ndiyo maongezi ya Wazungu wengi wakikutana jioni, na ndoa nyingi zimeingia ufa hapo.

Tufikiri vizuri. Mzee huyu alihama kwao kwa nini? Mara nyingi kwa sababu ya upweke. Kwao alikuwa na nyumba ya joto na mlango usiobishwa hodi na mtu. Akaiona nchi ambamo mwenye mvi huamkiwa kwa mikono miwili kuunganishwa na kichwa kuinamishwa, na ambamo mjukuu hulala chumba kimoja na bibi yake. Akapenda. Akataka naye atunzwe hivyo. Lakini mke aliyelelewa kutunza wazee hawezi kumtunza mume mzee na kumwacha mama yake mwenyewe. Moyo ule ni mmoja. Anayetaka kivuli cha mwembe, na huku anaikata mizizi yake kwa kuwa imeingia katika shamba lake, atapata kivuli kwa siku ngapi?

Haki yao tuitaje pia: wako Wazungu walioelewa. Wamejifunza Kithai, lugha ngumu ambayo neno moja hubadilika maana kwa kupandisha au kushusha sauti. Huvua viatu mlangoni, hawamgusi mtu kichwani, hawamnyoshei mtu mguu, kwa kuwa huko kichwa ni kitukufu na mguu ni duni. Alfajiri humwona mama mkwe akitoa wali kwa watawa wa Kibuda wapitao na bakuli zao. Wakati wa mavuno hushinda mashambani na shemeji zao. Hao hawana fedha kuliko wenzao. Ila wakiugua, nyumba hujaa watu.

Manung'uniko na magonjwa

Manung'uniko hayakosekani. Mwingereza akaaye Thailand, pensheni yake ya serikali haiongezwi mwaka kwa mwaka kama ya aliyebaki kwao. Hukaa palepale ilipokuwa. Tena paundi yenyewe imeshuka: katikati ya miaka ya 2000 ilipata kuleta baht 70, miaka kumi na mitano baadaye ilileta kama 40 tu. Katika mbuga ya Khao Yai mwenyeji mtu mzima alikuwa akilipa baht 40 na mgeni 400, na jambo hilo huwaudhi hata waliokaa huko miaka ishirini. Huko Chiang Mai, kuanzia Februari hadi Aprili, mashamba na misitu huchomwa moto, moshi ukajaa bonde zima, na wazee wenye vifua vibovu hukimbilia baharini. Jambo hilo la kuchoma mashamba lafaa kutufikirisha na sisi.

Lakini lililo zito ni ugonjwa. Hospitali za Thailand zina sifa kubwa, nazo hutaka kulipwa. Bima humkataa mzee sana, au humtoza ada asiyoiweza. Wengine huanguka na pikipiki, na bima haiwalipi kwa kuwa hawakuwa na leseni. Akiba iliyowekwa benki kwa ajili ya kibali huliwa na daktari. Akiba ikipungua, kibali nacho chapotea. Ubalozi hutoa shauri na kuwaandikia jamaa, lakini haulipi deni la hospitali. Wako waliokufa peke yao katika chumba cha kupanga, na wapangishaji wakatafuta katika simu zao jina la mtoto, wasijue ni lipi.

Tusimalize kwa huzuni tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mswisi mmoja, Martin Woodtli, alimleta Chiang Mai mama yake aliyepotewa na kumbukumbu kwa uzee. Hakumleta na kumwacha: alikaa naye. Kisha akaanzisha nyumba ya kutunza wagonjwa wa namna hiyo kutoka Ulaya, iitwayo Baan Kamlangchay, na kila mgonjwa ana watunzaji watatu wanaopokezana usiku na mchana. Huko Ulaya wengine walilaumu, wakasema nyanya hawapelekwi ng'ambo kama mizigo. Mimi nawaelewa wanaolaumu. Lakini namwelewa pia mtoto yule, maana alikwenda pamoja na mama yake.

Na yuko Padre Joseph Maier, Mmarekani, wa shirika la Waredemptori, aliyefika Thailand mwaka 1967. Alikwenda kukaa Klong Toey, mtaa wa maskini karibu na bandari ya Bangkok, kwa wachinjaji wa nguruwe, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki kwa kuwa Wabuda hawapendi kazi ya kuua. Huko alijenga shule za watoto wadogo na nyumba ya yatima na wagonjwa. Yeye naye ni farang. Lakini hakuuliza nchi ile itampa nini.

Fundisho kwetu

Basi tumjibuje mzee wa kigango chetu? Watu hao wana watoto. Wengi wao wanao wawili, watatu, nao huongea nao kwa simu siku ya Noeli. Lakini katika nchi zao kazi ya kumtunza mzee imekabidhiwa serikali, pensheni na nyumba za wazee. Vitu hivyo ni vyema, nasi twavihitaji. Wazee wetu wengi hawana hata senti ya pensheni. Ila pensheni haimwamkii mtu asubuhi.

Wala tusijivune. Amri ya nne ya Mungu twaijua kwa moyo, lakini katika vijiji vyetu wako wazee ambao mtoto wao yuko mjini, ana kazi, na hajaonekana mwaka wa tatu huu. Wako bibi wanaolea wajukuu watano bila msaada wa sabuni. Tukisema, “Wazungu ndio wasiotunza wazazi,” tutazame kwanza njia iendayo kwa mama zetu, kama haijaota majani. Anayeweza kupeleka kidogo, apeleke kidogo. Asiye na kitu, aende akakae naye jioni moja. Na mwenye mke apelekaye msaada kwao asimkemee, maana anawafundisha watoto wake jinsi watakavyomtunza yeye.

Mzee yule aliporudi kuchukua cheti cha ubatizo, nilimweleza habari hizi zote: zile siku 90, akiba ya benki, kibali cha kila mwaka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakitazama cheti, akanirudishia. “Karani,” akasema, “hebu hakikisha jina la mtoto umeliandika sawasawa. Mimi huyu ndiye kibali changu cha kukaa.”