Mbwa Akipinda Kichwa na Kuanguka, Usikimbilie Rungu

Mkulima, umeamka alfajiri kwenda kukama. Mbwa wako mzee, mlinzi wa zizi kwa miaka mingi, hakuja kukulaki. Unamkuta amelala ubavu, kichwa kimepinda upande mmoja, macho yanacheza huku na huku. Akijaribu kusimama huanguka, au huzunguka pale pale kama mlevi. Pengine anatapika. Utafanya nini?

Mkulima mmoja wa skimu yetu alikuja ofisini mbio kuomba mbwa wake apigwe risasi. Jirani mmoja alisema ni kichaa, mwingine alisema amelogwa. Daktari wa mifugo aliuliza neno moja kwanza: “Cheti cha chanjo kiko wapi?” Cheti kilikuwapo, nacho hakijapita mwaka. Daktari akampima mbwa, akasema ni kizunguzungu cha uzee.

Nawe yakupasa kuanza na kichaa, maana kichaa huua watu. Je, mbwa amechanjwa mwaka huu? Je, ameumwa na mbwa mgeni au mbweha? Je, anatokwa na mate mengi, hawezi kumeza, taya limelegea, au anauma ovyo? Ukiwa na shaka yoyote, usimguse. Mfungie peke yake, weka watoto mbali, ukamwite afisa wa mifugo siku ile ile. Mtu aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kidondani, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja. Asingoje dalili.

Sasa tutazame kizunguzungu chenyewe. Ndani kabisa ya sikio mna vijifereji vitatu vyenye maji, vifanyavyo kazi kama pima maji ya fundi mwashi. Huuarifu ubongo kama kichwa kimeinama au kimegeuka. Habari hizo zikiharibika upande mmoja, mbwa huona dunia inazunguka. Mbwa mzee huweza kupatwa ghafula pasipo sababu kuonekana. Lakini kama sikio linanuka au linatoa usaha, huo ni ugonjwa wa sikio, nao wataka dawa ya daktari. Usitie mafuta ya taa wala dawa yoyote kwa kubahatisha. Kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka, dawa nyingine huzidisha ubaya.

Daktari akisema ni kizunguzungu, mtunze hivi:

1. Mlaze mahali pakavu na patulivu, mbali na moto, kisima na mtaro. Tandika magunia ili miguu isiteleze.

2. Weka maji karibu na mdomo wake, na umpe chakula kidogo kidogo. Usimmiminie kinywani, asije akapaliwa.

3. Asipoweza kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa chache. Akienda haja, pitisha gunia chini ya tumbo umshikilie.

4. Sema naye kabla ya kumgusa, wala usimnyanyue kwa ghafula. Usimpe dawa za watu.

Kwa kawaida siku mbili za kwanza ndizo mbaya. Siku ya tatu huanza kupata nafuu, na baada ya majuma mawili au matatu wengi hutembea vizuri. Kichwa chaweza kubaki kimepinda kidogo. Hilo si kitu.

Tena ujue kwamba kizunguzungu hiki huweza kurudi. Mbwa wa mkulima yule amekwisha kupatwa mara tatu. Bwana huyo huandika katika daftari lake la maziwa tarehe, upande kichwa kilikopinda, na siku mbwa alizochukua kupona. Maandishi hayo humsaidia daktari kuliko maneno mengi. Kama hakuna nafuu kwa siku tatu, au miguu inaburuta, au mbwa amepumbaa, au kizunguzungu kinarudi upesi upesi, mwite daktari tena. Pengine ugonjwa umo ubongoni.

Mbwa yule yu hai hata leo, kichwa upande, naye hulinda kondoo usiku. Asingekuwa na cheti, hakuna mtu ambaye angethubutu kumkaribia, wala asingelaumiwa. Basi chanja mbwa wako kila mwaka, na karatasi yake uiweke pamoja na karatasi za shamba.