Tukijenga kituo cha usafiri Majengo, tuanze kupima wapi?



Tarehe 27 Mei 2021, alfajiri, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba watu wa kartie 10 kati ya 18 za Goma waondoke. Majengo ilikuwa kwenye orodha. Nyumbani tulifunga matandiko, sufuria moja na makaratasi ya shule, tukamshika koko mkono, tukatoka barabarani kutafuta gari la Sake. Magari yalikuwako. Moto zilikuwako pia. Kilichokosekana ni mahali pa kupandia. Mmoja anakuambia magari ya Sake yanapakia huku, mwingine anakuonyesha kule, na dereva anasimama pale anapoona watu wenye pesa. Koko akauliza: "Sasa siye tunapandia wapi?" Hakuna mtu alimujibu. Tulienda kwa mguu, na yeye tukamukalisha kwenye chukudu ya jirani, kati ya magodoro mawili.

Mimi nimesoma ujenzi na upangaji wa miji. Swali la koko linanirudia kila mara watu wa kwetu wanapoleta wazo la kujenga parkingi kubwa ya kisasa hapa Majengo, yenye hangari, maduka juu na taa za rangi. Wazo si baya. Ila mara nyingi tunaanza na mchoro wa jengo, na hatujajiuliza mtu anatoka wapi na anaenda wapi. Leo nataka kueleza kwa lugha rahisi namna kituo cha pamoja cha usafiri kinavyopangwa, ili siku mradi ukija tuwe na la kusema.

1. KITUO NI NINI?

Kituo cha pamoja ni mahali ambapo mtu anashuka chombo kimoja na kupanda kingine bila kuhangaika. Goma tuna vyombo vingi: moto, taksi, taksi-basi za Hiace, magari makubwa ya mizigo, chukudu, boti za ziwani, na mguu, ambao watu wengi wanautumia kila siku lakini hakuna anayeuhesabu.

Muangalie jirani yetu anayeuza shu. Mzigo unatoka Kibumba kwa barabara ya Rutshuru. Anaamka mapema kwenda kuupokea, anapatana na mtu wa chukudu, wanafika pahali chukudu haipiti vizuri, anashusha, anapatana tena na motari, anapakia. Mzigo ni uleule, lakini ameulipia mara mbili na kuubeba kwa mikono mara mbili. Mara nyingine shu za chini zimekwisha kupondeka.

Kila kubadilisha chombo kuna bei tatu: pesa, dakika na nguvu za mwili. Wapangaji wa usafiri wanajua pia kwamba dakika ya kungoja inamchosha abiria kuliko dakika ya kusafiri. Dakika kumi umesimama kwenye vumbi, hujui gari litatoka saa ngapi, ni ndefu kuliko dakika kumi ndani ya gari linalotembea. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kituo ni kupunguza bei hizo tatu. Kama jengo ni zuri lakini bei zimebaki vilevile, tumejenga soko la maduka tu.

2. KWA NINI MAJENGO?

Goma ina komini mbili, Goma na Karisimbi. Majengo iko Karisimbi, upande wa kaskazini ya mji. Mji wetu una vizuizi ambavyo huwezi kuvihamisha: ziwa kusini, mpaka wa Rwanda mashariki, volkano kaskazini, na uwanja wa ndege katikati ya makazi. Mtu anayetaka kuvuka kutoka upande mmoja wa uwanja kwenda mwingine anauzunguka. Ndiyo maana njia chache zinabeba watu wote, na asubuhi zinajaa.

Wakati huohuo watu wameendelea kujenga kuelekea Buhene na teritware ya Nyiragongo. Wanashuka kila siku kwenda Birere, soko la Virunga, vyuoni, kazini, kwenye barriere. Wengi wanapita Majengo. Kwa hiyo Majengo tayari ni kituo, haijapangwa tu. Pale moto zinaposimama, pale wamama wameweka beseni za ndizi, pale Hiace inapunguza mwendo hata bila abiria kuomba, ndipo kituo kilipo.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: fuata njia ambayo watu wamekwisha kuikanyaga. Ukiwapeleka meta 800 mbali juu kule kuna kiwanja cha bei nafuu, watakusifu siku ya kukata utepe, kisha watarudi walipokuwa.

3. HESABU YA NAFASI

Hapa ndipo watu wanashangaa. Majengo imebanana na kupata kiwanja kikubwa maana yake ni kubomoa nyumba za watu na kuwalipa. Lakini ukubwa wa kituo unategemea zaidi muda ambao kila gari linakaa ndani, kuliko idadi ya magari.

Tuseme, kwa mfano tu, Hiace 40 zinaingia kwa saa moja. Kila moja ikikaa dakika 30 ikingoja kujaa, wakati wowote utakuta Hiace 20 ndani. Ikikaa dakika 6, utakuta 4. Ukihesabu meta mraba 50 kwa gari moja pamoja na nafasi ya kugeuka, ya kwanza inataka meta mraba 1000, ya pili 200. Magari ni yaleyale, abiria ni walewale. Tofauti ni nyumba za watu ambazo hazikubomolewa.

Kumbe ule mtindo wa "tungoje ijae kwanza" ndio unaokula ardhi. Dereva hana kosa. Akitoka na viti vitupu anakula hasara, na patron anangoja pesa yake jioni. Ukitaka atoke kwa saa, lazima mapato yagawanywe namna nyingine, kwa mfano kupitia kooperativa ya madereva yenye kuweka zamu na mfuko wa pamoja. Mtu wa ujenzi peke yake hawezi kutatua hilo. Anahitaji waliosoma uchumi, sheria na sosholojia, na ninyi ndio mko wengi kwenye chama chetu.

Na kodi? Kama ushuru wa kuingia kituoni ni mzito, motari atasimama nje, meta 50 kabla ya mlango, na abiria watamfuata. Parkingi itabaki tupu na barabara itajaa kuliko zamani.

4. WENYE KUSAHAULIWA KWENYE MCHORO

Chukudu inabeba mamia ya kilo. Haipandi ngazi. Inataka njia ya mteremko mdogo, ardhi ngumu na pembeni pa kusimama bila kuziba moto. Tumeisimamishia chukudu sanamu kubwa mjini, halafu tunachora vituo ambavyo haiwezi kuingia! Njia hiyohiyo itamfaa mtu wa kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto mgongoni, na koko mwenye magoti ya kuuma.

Wamama wenye kuuza kandokando nao ni sehemu ya kituo. Abiria ananunua kwao mkate na ndizi, na usiku macho yao ndiyo usalama. Ukiwafukuza, kituo kinakuwa pahali pa kuogopa kuanzia saa kumi na mbili jioni. Waweke kwenye mchoro tangu mwanzo, na meza zao zisikate njia ya miguu.

Kuna pia choo na maji. Tunaishi juu ya mawe ya volkano. Kuchimba ni kazi ngumu na bei, na kipindupindu tunakifahamu. Kituo kinachopitisha maelfu ya watu bila choo safi wala mahali pa kunawa mikono ni hatari kwa kartie nzima. Kama pesa ni kidogo, nianze na choo, maji, taa na paa la kukinga mvua. Maduka yatakuja.

5. WENGINE WAMEFANYA NINI?

Dar es Salaam, mabasi ya mikoani yalihamishwa kutoka Ubungo kwenda kituo kipya cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichozinduliwa Februari 2021. Ni kikubwa na cha kisasa. Ila kiko mbali zaidi na katikati ya mji, na abiria wengi walilalamika kwamba sasa wanalipa usafiri wa pili kufika wanakokwenda. Katika mji uleule kuna Kivukoni: mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016, yanaishia karibu na kivuko cha Kigamboni. Mtu anashuka kwenye pantoni, anatembea kidogo, anapanda basi. Hakuna ajabu hapo. Vyombo viwili viliwekwa karibu.

Karibu zaidi ni Nyabugogo, Kigali, ambayo wengi wetu tumeipitia. Ukitoka Gisenyi, basi linaondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na ukifika Nyabugogo unakuta basi la mjini na moto palepale. Tukirudi tunasifia majengo ya Kigali. Mimi ningesifia ile saa kwenye tiketi.

Sisi tuna jambo moja ambalo miji hiyo haina kwa kiasi chetu: njia zetu zinafungwa ghafla. Lava ya 2021 ilikata barabara ya Rutshuru. Vita vilipobana barabara ya upande wa Sake na Minova, watu wakakimbilia ziwa, na tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, iliyojaa kupita kiasi, ilizama karibu na Kituku na kuua makumi ya watu. Kituo cha Goma kisifungwe kwenye njia moja. Kiwe na nafasi ya kubadilisha mielekeo, na ubao wa kuwaambia watu leo njia gani iko wazi.

6. TUANZE NA NINI?

Hatuhitaji kungoja mfadhili. Wanafunzi kumi, daftari na saa vinatosha kwa hatua ya kwanza. Wiki moja, asubuhi na jioni, wahesabu ni moto ngapi, Hiace ngapi, chukudu ngapi, na waenda kwa mguu wangapi wanapita kwenye makutano yetu. Wapime kila gari linakaa dakika ngapi. Wawaulize watu swali moja: "Umetoka wapi, na kutoka hapa unapanda nini?" Ukiwa na majibu hayo, unaweza kuchora. Hiyo ni TFC nzuri kwa mtu anayetafuta mada, na chef wa kartie atakuwa na karatasi mkononi siku wakubwa wakija na mchoro wao.

Hatua ya pili ni rangi na vibao: huku Birere, huku Sake, huku Buhene, moto hapa, chukudu pale. Bei yake ni ndogo sana kuliko hangari, na kama tumekosea tunafuta na kuandika upya.

Juzi nilimuonyesha koko mchoro wangu. Aliushika kichwa chini, akaugeuza, akaniambia: "Mutoto wangu, mimi sijue kusoma hii. Uniambie tu, siku mulima ikiwaka tena, minapandia wapi?" Nilimuwekea kidole kwenye mchoro: hapa, karibu na ile duka ya mama wa mikate. Akasema sawa, pale anaweza kufika kwa miguu yake.