Kihenge Chako Kina Madebe Mangapi?

Huku kwetu Singida mtama ukiisha kuingia kihengeni, wanunuzi hawachelewi kubisha hodi. Usimwachie mgeni akukadirie. Twaa futi, pima upana wa ndani: tuseme mita 1.4. Nusu yake, 0.7, izidishe kwa 0.7, kisha kwa 22, ugawanye kwa 7, upate 1.54. Hilo ndilo eneo la kitako. Mtama ukifika kimo cha mita 2, una mita za ujazo 3.08. Kila moja ni lita 1,000. Basi una madebe 154 ya lita 20.

Lakini debe lisawazishwe kwa ubao! Kile kilima cha juu ni theluthi ya eneo la mdomo mara kimo chake. Kikiwa lita 2, utalipwa madebe 140 tu. 14 yamekwenda bure.