Mtoto Wangu Hakulia

Juma hili naomba radhi mapema, kwani nitazungumza habari za nyumbani kwangu. Kwa kawaida kipindi hiki hakihusu familia ya mtangazaji, na mhariri wangu hapendi. Lakini Jumanne iliyopita nilimpeleka binti yangu kliniki, hapa hapa wilayani Mbulu, kuchomwa sindano ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi kumi na minane. Alipochomwa alipiga yowe ambalo nadhani lilisikika mpaka sokoni. Akina mama waliokuwa kwenye benchi wakamwonea huruma. Mimi nilisimama pale nikitabasamu kama mtu aliyepungukiwa akili, hata nesi akaniuliza, "Baba, mbona unafurahi mtoto akilia?"

Sikuwa na nafasi ya kumjibu, foleni ilikuwa ndefu. Nitamjibu hapa.

Binti huyu alizaliwa mwezi Aprili, katikati ya masika, mimba ikiwa na wiki thelathini na tatu tu. Uchungu ulimshika mama yake usiku. Gari tulilokodi lilikwama mara mbili kwenye tope, na tukafika katika kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja jina, yapata saa tisa usiku. Mtoto alizaliwa baada ya nusu saa hivi. Nilikuwa nje, ukutani, chini ya dirisha la leba. Niliwasikia wakisema, "Ametoka." Kisha nikangoja kusikia kilio, nisikisikie.

Nilichokisikia ni funguo. Muuguzi mmoja alikuwa akikimbia kwenye korido na kishada cha funguo mkononi, anauliza ni nani mwenye ufunguo wa kabati. Ndani ya kabati hilo ndimo ulimokuwa mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, ule wenye kibarakoa kidogo cha kufunika mdomo na pua, ambao wauguzi wenyewe huuita ambu. Ulikuwa umefungiwa ili usipotee, kwani uliotangulia ulipotea. Sijui zilipita dakika ngapi. Sikutazama saa, na hata ningetazama nisingekumbuka. Baadaye kikasikika kitu kama mlio wa paka mdogo.

Sasa niwaeleze kwa nini zile funguo bado nazisikia hadi leo.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Mapafu yake yamejaa majimaji, na hewa anaipata kwa damu ya mama kupitia kondo la nyuma na kitovu. Anapozaliwa inampasa, katika muda mfupi sana, kuyasukuma majimaji yale na kuyajaza mapafu hewa kwa mara ya kwanza. Watoto walio wengi hufanya hivyo wenyewe, na kilio ndicho ishara yake. Takriban mtoto mmoja katika kila kumi huhitaji kusaidiwa kidogo, nao wengi wao huhitaji tu kukaushwa vizuri kwa kitambaa na kusuguliwa mgongo. Wachache wanaobaki wasipopumua hata hapo, kusugua hakuwasaidii tena. Hao huhitaji kupuliziwa hewa, na wataalamu wanasema kazi hiyo ianze kabla dakika moja haijaisha tangu kuzaliwa. Huiita dakika ya dhahabu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatulijui. Mtoto wa namna hii hulegea, rangi yake hufifia, hasogei. Ukimtazama kwa macho utasema amekufa, kumbe moyo bado unapiga. Ni watoto wangapi walioandikwa katika madaftari yetu kuwa wamezaliwa wafu, na kumbe walikuwa hawajavuta pumzi tu? Jibu halipo, maana waliokwisha kuzikwa hawahesabiwi upya.

Habari hizi sikuzitoa mbali, ndugu msikilizaji. Nyingi zilipatikana wilayani hapa hapa, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norwe mwaka 1955. Tangu mwaka 2009 wasaidizi wa utafiti waliwekwa pale leba, zamu kwa zamu, mchana na usiku, wakiwa na saa mkononi, wakiandika kila mtoto alichofanyiwa na sekunde aliyofanyiwa. Walifuatilia vizazi zaidi ya elfu tano. Matokeo yalitolewa mwaka 2012: kwa watoto waliohitaji kupuliziwa hewa, kila nusu dakika ya kuchelewa kuanza iliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au ya kulazwa kwa muda mrefu. Nusu dakika! Huo ni muda wa kutafuta ufunguo mmoja katika kishada chenye funguo nane.

Wakati huo Tanzania ilikuwa imeanza mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua, nayo yalianza mwaka 2009 katika hospitali nane nchini. Haydom nao wakawapa wakunga wao kozi ya siku moja mwezi Aprili 2010. Wakunga walifunzwa kwa mwanasesere wa plastiki, wakafanya mtihani kwa mwanasesere huyo, wakafaulu vizuri. Watafiti wakaenda leba kutazama mambo yamebadilikaje kwa watoto wenyewe. Hayakubadilika. Wakunga wale wale waliofaulu kwa mwanasesere walikuwa wakifanya kama zamani mbele ya mtoto wa kweli.

Hapa niseme jambo nililolifikiria sana. Sisi Watanzania tunapenda semina. Mimi mwenyewe nimehudhuria nyingi katika miaka yangu ya uandishi, nimekula chakula chake na kupokea posho yake, na nikiulizwa leo nilijifunza nini katika semina ya mwaka juzi, nitalitaja jina la hoteli. Haydom walikuwa na ujasiri wa kuandika wazi kwamba semina yao peke yake haikuokoa mtoto.

Wakafanya nini? Kuanzia Februari 2011 yule mwanasesere akawekwa pale pale kazini. Mkunga akiwa zamu anafanya zoezi la dakika tatu hadi tano, tena na tena, wiki kwa wiki, na mara moja kwa mwezi zoezi refu la kama dakika arobaini. Hapana hoteli wala posho. Wakalinganisha mwaka uliotangulia na mwaka uliofuata: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto elfu moja. Jengo lilikuwa lile lile. Mikono ya wakunga ndiyo iliyozoea.

Mbegu hiyo iliendelea kukua. Kati ya mwaka 2021 na 2023 mpango mpana zaidi uliotokana na kazi hiyo uliwekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano, yaani Manyara yetu, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Vifo vya watoto kabla tu ya kuzaliwa na katika siku zile za mwanzo vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi elfu. Habari hizo zilichapwa mwaka 2025 katika jarida kubwa la kitabibu la Marekani. Nilipoisoma makala ile niliishika kwa mikono miwili.

Basi, turudi kwa binti yangu. Alikuwa na uzito wa kilo moja na gramu mia saba. Tulipelekwa hospitali, na huko wakamweka mama yake kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa mtindo wa yule mnyama kangaruu abebaye mwanawe mfukoni. Mtindo huu ulianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za kuwatia watoto joto hazikuwatosha. Kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa ni wa maskini tu, na kwamba mtoto aanze kwenye mashine, akitulia ndipo apewe mama. Mwaka 2021 zikatolewa habari za utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, kwa watoto wa kuanzia kilo moja hadi pungufu kidogo ya kilo moja na gramu mia nane. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 12 kwa mia katika siku 28 za kwanza. Waliosubiri kwanza walikufa karibu 16 kwa mia. Mama, msikilizaji, ameishinda mashine.

Mama yake alipochoka, zamu ilikuwa yangu. Mwezi Juni na Julai baridi ya Mbulu mnaijua. Nilikaa nyumbani kifua wazi, mtoto amelala kifuani kama chura, shuka mbili juu yetu. Jirani mmoja alikuja kuazima baiskeli, akaniona, akasahau baiskeli, akaenda kuwaita wenzake waje kutazama. Wakacheka sana. Mmoja wao mwezi uliopita amepata mtoto njiti, na akaja kuniuliza shuka inafungwaje.

Mama mkwe alikuja kutoka chini ya Mlima Hanang, upande wa Katesh, na dumu la maziwa ya ng'ombe. Huko maziwa ndiyo heshima ya nyumba. Alipoambiwa mtoto anyonye ziwa la mama tu kwa miezi sita, hata maji asipewe, alisikitika kweli kweli. Yeye amelea saba. Mimi sikuweza kubishana naye. Mkwe hubishwi, hata mezani hukai naye. Nikamwomba shangazi wa mke wangu aseme, akasema, hakusikilizwa. Mwisho, siku ya kliniki mama mkwe akafuatana nasi, na nesi, binti mdogo kuliko wanawe wote, akamwamkia, "Shikamoo bibi," akamketisha, akamwonyesha tumbo la mtoto wa siku hizo lina ukubwa gani kwa kumkunjia ngumi ya mtoto mwenyewe. "Bibi, maji yakijaa humu, maziwa ya mama yatakaa wapi?" Mama mkwe akaitazama ile ngumi kwa muda mrefu. Yale maziwa tuliyanywa sisi.

Lakini hofu yangu kubwa sikuwa nimemwambia mtu. Mtoto aliyekosa hewa akizaliwa anaweza kuishi, na baadaye ikaonekana kuwa ubongo uliumia. Tunaita mtindio wa ubongo. Kwa hiyo kila siku niliitazama mikono yake. Je, inakaza mno? Je, shingo imekaza? Mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi ule ule alikaa bila kuegemezwa akiwa na miezi sita, wangu akaanguka kama mzigo. Nililala vibaya sana mwezi ule.

Daktari akanifundisha hesabu ambayo kila mzazi wa njiti anapaswa kuijua. Mimba kamili ni wiki arobaini. Wangu alizaliwa wiki ya thelathini na tatu, basi anadai wiki saba. Akiwa na miezi sita kwa kalenda, mwili wake una miezi minne na nusu hivi, na kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani mtoto mwenye afya anaweza kuanza kukaa wakati wowote kati ya miezi minne na tisa. Kutembea ni kati ya miezi minane na kumi na minane. Nafasi ni pana, na jirani si kipimo. Ila mtoto asiyetabasamu hata baada ya miezi mitatu ya hesabu hiyo, au asiyekaa akifika tisa, au anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, huyo apelekwe hospitali upesi, asingojewe.

Wangu alikaa akiwa na miezi minane. Katika mwezi wa kumi alihara, mstari wa uzito katika kadi yake ukalala badala ya kupanda, tukahangaika na uji na maji ya chumvi na sukari ya pakiti na vidonge vya zinki mpaka ukainuka tena. (Kuhusu udumavu katika wilaya zetu, ambao ni mkubwa, nitafanya kipindi chake. Kwa sasa niseme tu kwamba Haydom walijaribu kuwapa watoto dawa za kuua vijidudu kwa ratiba wakitumaini watarefuka, na matokeo ya mwaka 2021 yakaonyesha hawakurefuka. Vidonge havikuziba pengo hilo.) Alitembea akiwa na miezi kumi na sita, kutoka kwenye kigoda hadi kwenye mguu wa bibi yake, hatua nne.

Kile kituo cha afya nilikipitia mwezi uliopita nikiwa safarini. Nilijitambulisha kama mzazi, sikusema mimi ni mwandishi. Muuguzi wa zamu akaniruhusu nichungulie leba, maana haikuwa na mtu. Kabati lipo pale pale na kufuli lake. Ambu imetundikwa ukutani juu ya meza ya mtoto, kwenye msumari, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: USIFUNGIE.

Tukutane juma lijalo, saa kama hii.