Mahindi Kando ya Mto Lima

Msomaji wa pwani yetu anaijua Ureno kwa kuta na nguzo. Anaijua Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kuangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, na anaijua nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi. Akibahatika kufika Ureno yenyewe, kwa kawaida huishia Lisbon, kwenye mnara wa Belém na monasteri ya Jerónimos, na huko husimuliwa hadithi ileile ya merikebu, safari hii kutoka upande wa pili wa bahari. Hakuna ubaya kuviona. Ila hadithi ya merikebu bila hadithi ya mashamba ni nusu tu, na nusu iliyobaki iko kaskazini, katika mkoa wa kale wa Minho. Nadai kwamba mwenye siku mbili tu za kuielewa Ureno nje ya majiji yake azitumie Ponte de Lima, akitembea polepole kwenye njia tambarare za kando ya mto. Huko utaona safari zile za baharini ziliwafanya nini Wareno wenyewe, waliobaki nyumbani na jembe mkononi.

Mji wenyewe ni mdogo na wa kale. Malkia Teresa aliupa hati yake ya mji tarehe 4 Machi 1125, kabla Ureno haijawa ufalme unaojitegemea, na hati hiyo inalitaja soko ambalo mpaka leo hufanyika Jumatatu, mara moja kila wiki mbili, kwenye mchanga wa ukingo wa mto. Daraja linalobeba jina la mji lina urefu wa karibu mita 300. Sehemu kubwa ni ya Zama za Kati, lakini ng'ambo, upande wa Arcozelo, yamesalia matao ya Warumi, waliopitisha hapa barabara yao kutoka Braga kuelekea Astorga. Ipo pia hadithi maarufu ya askari wa Kirumi walioogopa kuvuka kwa kudhani huu ni Lethe, mto wa usahaulifu, hadi kamanda wao Decimus Junius Brutus akatangulia, akasimama ng'ambo na kuwaita mmoja mmoja kwa jina. Pande zote mbili za mto zimewekwa sanamu za kisa hicho, na wageni wengi hupiga picha hapo kisha wakarudi kwenye basi. Wanaondoka pale somo linapoanza.

Kutoka mjini njia huenda pande mbili, moja ikiteremka na maji kuelekea Viana do Castelo na bahari ya Atlantiki, nyingine ikipanda kidogo kidogo kuelekea Ponte da Barca. Ni udongo ulioshindiliwa na kokoto, hazina kilima cha kumtoa mtu jasho, na mzee mwenye mkongojo huenda nazo bila taabu. Upande wa juu utakuta mstari wa mawe uliokatiza mto kwa mshazari: ni vizuizi vya zamani vilivyopandisha maji kidogo ili yageuze vinu vya kusaga. Nyuma ya njia kuna vishamba, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asimame. Shamba moja huenda lisifikie nusu ya uwanja wa mpira. Katikati yamesimama mahindi, na penye mkulima wa mtindo wa kale maharage hupanda juu ya mabua na maboga hutambaa chini. Mizabibu haiko katikati ya shamba, imesukumwa pembeni kabisa, ikapandishwa kwenye chanja zinazoshikiliwa na nguzo za mawe ya itale, juu ya vichwa vya watu, au kwenye miti ya mpakani. Kando ya ukuta kuna mfereji mwembamba kama upana wa kiganja. Na karibu na nyumba limesimama ghala la ajabu: jembamba, refu, kuta zake zina nyufa za kupitisha upepo, limenyanyuliwa juu ya miguu ya mawe, na kila mguu umevikwa juu yake jiwe bapa la mviringo lililotokeza nje ili panya akipanda akwame hapo.

Vitu vyote hivyo vinaelezwa na zao moja lililotoka Amerika, likafika Minho katika karne ya 16, zao lilelile ambalo Wareno walilifikisha Afrika Mashariki na ambalo leo sisi tunalila kama ugali na kuliita letu. Kabla yake wakulima wa Minho walitegemea nafaka za familia ya mawele na rai. Mahindi yalizaa zaidi kwenye eneo lilelile, lakini yalidai gharama. Minho hupata mvua nyingi, na sehemu kubwa yake huja majira ya baridi. Kiangazi, mahindi yanapokua, mbingu hukauka. Basi ilibidi maji yaongozwe kutoka vijitoni, na kwa kuwa hayakutosha wote kwa pamoja yakagawanywa kwa zamu za saa, haki ambayo familia zilirithi sawa na ardhi. Hindi hukomaa Septemba na Oktoba, mvua zinaporejea, kwa hiyo haliwezi kuanikwa chini kama ngano ya nchi za jua kali. Ndiyo sababu ya ghala lenye nyufa na miguu. Ardhi nzuri ilipotengewa mahindi, zabibu zikabanwa mpakani na kupandishwa juu, na hivyo ndivyo zilivyokuzwa kwa vizazi zabibu za divai nyepesi ya eneo hili, iliyowekewa mipaka rasmi mwaka 1908. Hata starehe za watu zilifuata. Usiku wa kumenya mahindi majirani walikusanyika, na aliyepata hindi jekundu alipewa ruhusa ya kuzunguka akikumbatia wote.

Watakaonipinga kwanza ni wapenda milima. Watasema njia za bondeni ni za wastaafu, na kwamba uzuri wa kaskazini uko Peneda-Gerês, hifadhi pekee ya taifa nchini humo, iliyoanzishwa mwaka 1971, yenye vilele vinavyopita mita 1,500. Milima hiyo ni mizuri kweli, na anayeweza kuipanda asiikose. Lakini hata mlima hausomeki bila bonde. Kwa karne nyingi watu wa bondeni walipanda vilima vya jumuiya kufyeka vichaka vya miiba, wakavitandika mazizini chini ya ng'ombe, kisha wakavirudisha shambani vikiwa samadi. Mahindi yalikula mlima, kwa maana hiyo hasa. Ukipanda juu zaidi ya Ponte da Barca hadi Soajo, utakuta maghala 24 ya itale yamekusanyika juu ya mwamba mmoja, na kule Lindoso, chini ya ngome, yapo zaidi ya 50. Mgeni asiyepitia bondeni huyadhania makaburi, kwa sababu yana misalaba juu ya paa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba ninayapa mahindi sifa isiyo yao. Itale ilikuwapo, mvua ilikuwapo, na mila ya kupandisha mizabibu mitini ni ya kale kuliko safari za Columbus. Yote nayakubali. Wala zao peke yake halikukata ardhi vipande. Mirathi ilifanya sehemu yake. Hata hivyo, yaondoe mahindi kwenye picha na uone kinachobaki. Maghala yale hayana kazi, mifereji mingi haina sababu, na idadi ya watu iliyojaa katika mkoa huu haielezeki. Chakula kiliongezeka, watu wakaongezeka, ardhi haikuongezeka. Vijana wakaenda Brazil kwa vizazi, kisha katika miaka ya 1960 wakaenda Ufaransa kwa wingi. Nyumba kubwa za saruji utakazoziona vijijini, madirisha yamefungwa mwaka mzima isipokuwa Agosti, ni sura ya mwisho ya kisa hichohicho.

Ndiyo, sehemu kubwa ya maghala ni matupu, na mahindi mengi ya leo hukatwa mabichi yakawa malisho ya ng'ombe wa maziwa. Mto nao umedhibitiwa na bwawa la Alto Lindoso, lililokamilika mwaka 1992, ambalo maji yake yalifunika kijiji cha Aceredo upande wa Hispania. Ukame wa majira ya baridi ya 2021 na 2022 ulikifichua tena. Vilimani, ambako vichaka havifyekwi tena, imesimama mikalitusi, mti uliojaza karibu robo ya misitu ya Ureno, na moto wa kiangazi umekuwa hofu ya kila mwaka. Hapa sikubaliani na wanaoiuza Minho kama bustani isiyobadilika. Mandhari hii ilitengenezwa kwa kazi, na kazi inapokoma inabomoka. Mtembezi anayeona ghala lililoanguka paa ameona ukweli sawa na aliyeona lililojaa, na ningependa serikali za miji zitie bidii kuhifadhi mifereji ya maji kama zinavyohifadhi makanisa, maana imehudumia watu wengi zaidi.

Asiyependa mashamba anazo njia nyingine rahisi jirani. Maziwa ya Bertiandos na São Pedro de Arcos, hekta kama 350 za ardhi oevu zilizo chini ya mkataba wa Ramsar, yana njia za mbao juu ya tope na ndege wengi. Mishale ya manjano darajani ni ya mahujaji waendao Santiago de Compostela. Kuifuata kaskazini kwa saa moja ni raha, ila mbele zaidi kuna mlima wa Labruja. Mji hauna kituo cha treni, lakini mabasi hutoka Porto, Braga na Viana do Castelo. Chakula kinachosifiwa zaidi ni wali unaopikwa kwa nyama na damu ya nguruwe, hivyo Mwislamu aulize kabla ya kuagiza. Wakati bora ni Septemba, mahindi na zabibu vikivunwa pamoja, ila mwezi huohuo kuna Feiras Novas, sherehe iliyoanza mwaka 1826, na vyumba hujaa mapema. Ukitaka kuliona na soko, hakikisha tarehe kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa Jumatatu moja lipo na Jumatatu inayofuata halipo.