Dawa ya Miti na Tiba ya Kitabu katika Ugweno

Ugweno ni nchi ya juu, kaskazini ya milima ya Upare, jirani na Usangi. Wilaya ya Pare ilipogawanywa mwaka 1979, Ugweno ulitiwa katika wilaya ya Mwanga. Watu wake wengi ni Waislamu, tofauti na Upare wa kusini wenye Walutheri na Wasabato wengi.

Kwa Mwislamu wa huko dawa ya mti haina matata. Kivumbasi, shubiri na magome ya msituni hata mwalimu wa chuo huyatumia bila kusita, kwani dini yafundisha kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake. Kombe nalo ni tiba ya kitabu: aya huandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji au marashi, mgonjwa akanywa. Wako wanavyuoni wanaolikataa, wakisema yatosha mgonjwa kusomewa. Mabishano hayo hayajakatika.

Tatizo lililo zito zaidi limo katika mpungi. Mpungi ni kijisitu cha ukoo, ambamo wazee walichinja mnyama na kumwaga pombe kwa ajili ya wahenga. Kumchinjia mzimu ni ushirikina, na pombe ni haramu. Hapo hapana nafasi ya kulegeza. Lakini kukata mti humo kulikuwa mwiko, na mwiko huo ndio uliomlindia mganga magome na mizizi yake. Hofu ya mizimu ilipopungua, shoka nalo lilipoteza mzuiaji. Misitu mikubwa kama Kindoroko na Minja ni hifadhi ya serikali. Mpungi mara nyingi ni kipande kidogo tu kati ya migomba na kahawa.

Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 imemwekea mganga utaratibu wa kuandikishwa, na Muhimbili imekuwa ikichunguza miti ya dawa tangu 1974. Yote hayo yataka mti uwe bado umesimama.

Wala si lazima mlinzi wake awe mzimu. Sheria ya Kiislamu inayo hima, yaani ardhi iliyozuiliwa kwa manufaa ya wote, na inao wakfu. Huko Pemba, katika kisiwa cha Misali, mafundisho ya Kurani yametumiwa kuwahimiza wavuvi waitunze bahari. Mpungi uliowekwa wakfu hautachinjiwa mbuzi wala kumwagiwa pombe, na mganga ataendelea kuchuma humo kwa ruhusa ya wazee wa ukoo.